Maswali ya Baba Mdogo kuhusu Roki

"Kwani ni lazima mpige makelele?" Ismael alifoka, mgongo kauegemeza mlangoni, kaziba njia. "Gitaa linakwaruza, mwimbaji analia kama kakanyagwa na lori. Hiyo ni bendi au msiba?"

"Ndivyo roki ilivyo, baba mdogo!" Sauti ya Yunus nayo ilishapanda.

"Na vichwa mnatikisa vya nini? Mna chawa?"

Shamsa, mke wa Ismael, akaangua kicheko nyuma ya mashine ya fotokopi. "Maawe! Anahoji kama polisi."

Duka lao la Buhembe linachapa kadi na matangazo, na tangu Yunus amalize fomu foo, yeye ndiye jicho la duka. Mkato ukipotea, mabano yakisahauliwa kufungwa, kazi haitoki. Lakini leo bendi yao inapiga Muleba, mara ya kwanza mbele ya watu wasiowajua, na nje Rutaihwa, mpiga dramu, anabonyeza honi ya pikapu kama kichaa.

"Nyinyi ni alama ya mshangao mwanzo mwisho," Ismael alisema. "Hata pa kupumua hamna."

"Pa kupumua papo! Kuna mahali tunakata wote, kimya, ukumbi unabaki mdomo wazi. Ungekuja ungesikia."

"Nije kufuata nini? Kadi za harusi ya binti wa Kyaruzi atazikagua nani?"

"Nimezimaliza. Nukta zote ziko mahali pake."

Ndipo likamtoka Ismael lile lililokuwa likimkera. "Jana msikitini wameniuliza: mtoto wa marehemu kaka yako kaingia dini gani? Nikakosa jibu, Yunus. Mbele ya watu. Sasa ukitoka, usirudi hapa."

Shamsa akaacha kucheka.

Kazi Yunus anaipenda, na hana nyingine. Ila akibaki leo, atabaki na kesho, na keshokutwa, mpaka azeeke akisahihisha sherehe za wenzake. Akalivaa gitaa begani.

"Waambie ni muziki tu. Wakibisha, waniulize mwenyewe, Ijumaa nitakuwa safu ya mbele. Na Jumatatu nakuja kazini. Ukitaka kunifukuza, nifukuze Jumatatu."

"Unanijibu mimi?"

"Nakuaga, baba mdogo."

"Mpishe mtoto, Ismael," Shamsa alisema taratibu.

Ismael akasogea. Nusu hatua, si zaidi. Yunus akajibana kiubavu na gitaa lake, akatoka, akaufunga mlango.