Kipofu Hana Mkwe

Karani wa tiketi wa stesheni ya Shinyanga alitenda wema siku ile, ila aliutenda kwa watu ambao mila yao hakuijua. Alikuwa mtu wa Pangani, mwenye moyo mwepesi. Alimwona bibi kipofu ameshika ncha moja ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na kijana mpana wa mabega, naye anatazama pembeni kana kwamba fimbo ile inamchoma. Akaona, hawa ni mama na mwanawe. Akawatafutia chumba kidogo cha vitanda viwili, kimoja juu na kimoja chini, mwisho kabisa wa behewa la daraja la pili.

"Mtalala raha mustarehe," akasema. "Chumba chenu wenyewe. Mlango mnafunga, basi, mpaka Dar es Salaam."

Bibi Limi alipoyasikia hayo, aliiachia ncha ya fimbo. Kwa maana kijana yule hakuwa mwanawe. Alikuwa Mihayo, mume wa binti yake Esta. Mkwe wake, mkwilima. Na kwa Wasukuma wa zama zile, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaketi penye mkeka mmoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenziwe apite. Tangu Esta aolewe, miaka mingi kabla ya macho kuziba, Limi alimjua mkwewe kwa mgongo na kwa kengele ya baiskeli, ambayo Mihayo aliipiga tangu kule kwenye mihogo, ili mama mkwe apate nafasi ya kuingia ndani. Leo wafungiwe chumba kimoja?

Lakini nani mwingine angempeleka? Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na masista wa hospitali ya misheni walisema mpasuaji yuko Dar es Salaam. Mumewe alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Ndugu walikuwa na ng'ombe wa kuchunga na udhuru wa kila namna. Esta mwenyewe alikuwa na mimba kubwa. Ndipo Mihayo, aliyekuwa akichimba dhahabu kwenye mgodi wa Geita, akaomba likizo yake na kusema, "Nitampeleka mimi."

Ukoo mzima ulishika vinywa. Mageni, wifi yake Limi, mwanamke asiyemung'unya maneno, alimfuata mpaka jikoni.

"Utakwenda na mkweo? Sawa. Sasa huoni, hakuna neno. Lakini wakikufungua macho, Limi, ole wako umtazame. Macho mapya yakiangukia uso wa mkwe hurudi gizani, na safari hiyo hayatoki tena."

"Macho ni ya Mungu," Limi akajibu.

"Na mila je, ni ya nani?"

Alikuwa Mkristo wa kweli, rozari haikumbanduka mkononi, lakini maneno kama yale humwingia mtu hata akiwa anasali. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu. Amwone mtoto wa Esta kwa macho, asimjue kwa kumpapasa. Wajukuu wawili wa kwanza walizaliwa na kufa yeye akiwa gizani. Hakupata kujua hata mmoja alifanana na nani. Huyu wa tatu alitaka kumwona.

Basi wakapanda. Mihayo alimwongoza kwa fimbo mpaka kitandani, akaweka kikapu karibu na mkono wake, kisha akatoka kinyumenyume. Akaliweka sanduku lake la bati ujiani, nje ya mlango, akaketi juu yake. Na hapo ndipo alipokaa.

Chumba cha pili yake alikuwamo mwanamke wa Bukoba aliyeitwa Generosa, mfanyabiashara wa vitambaa. Gari lilikuwa halijafika mbali alipokuja kuchungulia.

"Mama, shikamoo. Huyu mwanao mbona amekaa nje kama mbwa wa mlinzi? Umemfukuza?"

"Marahaba. Si mwanangu. Ni mkwe."

"Ala! Kwa hiyo vitanda viwili, na mtu mmoja?" Generosa akaangua kicheko. "Nyinyi Wasukuma nyinyi! Kwetu mkwe hukaribishwa ndani, akapewa na kahawa ya kutafuna."

"Kila ndege huruka kwa ubawa wake, mwanangu."

"Huyu wenu haruki, amekaa juu ya bati."

Lakini alikuwa mtu mwema, na kuanzia hapo akawa ndiye njia ya maneno. Mihayo aliyekuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni husema, akimwita Limi mayu, yaani mama, "Dada, mwambie mayu tumefika Isaka. Marobota ya pamba yamepangwa marefu kuliko nyumba." Generosa humgeukia Limi: "Umesikia, mama?" Na Limi hujibu, "Sijasikia mpaka uniambie." Generosa hupiga makofi, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akalirudia neno lile lile kama lilivyo. Hivyo ndivyo Limi alivyovuka nchi yake kwa mara ya kwanza. Minyaa ya Usukuma, msitu wa miyombo baada ya Tabora, nyanda kavu za Ugogo na mibuyu yake, milima ya Kilosa yenye ukungu, vyote alipewa kwa kinywa cha Mihayo vikipitia kinywa cha Generosa. Alishangaa kwamba kijana yule, ambaye alimdhania bubu, ana maneno mazuri hivyo. Alishangaa pia kwamba hakulala. Kila Limi alipoamka aliusikia mlio wa bati anapogeuza ubavu.

Dar es Salaam Generosa aliwaaga, akaenda zake. Limi akalazwa, akapasuliwa, akalala chali siku nyingi, kichwa kimebanwa kwa mifuko ya mchanga asikigeuze. Kila jioni muuguzi alimletea salamu: "Kuna mtu mlangoni anauliza hali yako, lakini kila nikimwambia aingie anakimbia." Limi akawa anatabasamu chini ya bandeji. Kikohozi cha Mihayo kule nje alikwisha kukijua.

Siku walipomfungua na kumvisha miwani, mizito kama vitako vya chupa, aliona dirisha. Aliona vidole vyake mwenyewe, vimezeeka bila kumwambia. Akalia, daktari akamkataza kulia.

Tiketi zao zilikuwa za kwenda na kurudi, chumba cha watu wawili kama mwanzo, na daktari alikuwa ameagiza asibanwe na watu wala asiinue mzigo. Safari hii fimbo haikutumika. Mihayo alitangulia mbele sana, mizigo yote begani, naye Limi akaufuata ule mgongo katikati ya watu. Chumbani akakaa dirishani. Mihayo akakaa ujiani juu ya sanduku, na mlango akaurudisha kabisa, kwa sababu sasa mama mkwe alikuwa na macho.

Asubuhi, kila alichosimuliwa Limi alikikuta kinamngoja nje, na zaidi. Hakuambiwa kwamba milima hubadilika rangi. Akaomba rozari akitazama, kila salamu na mti wake.

Walipopita Dodoma jua limepanda, alisikia kitu mlangoni. Kilikuwa kama mtu anayebisha kwa kucha, tena haraka haraka. Akasikiliza vizuri. Yalikuwa meno. Mtu alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na amekiegemeza kichwa mlangoni.

Generosa hayupo. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno. Limi akaugeukia mlango.

"Wewe mlango," akasema, "mwulize aliye nyuma yako kama ana homa."

Kisha sauti ya chini: "Mlango, mwambie mayu ni baridi tu."

"Mlango, mwambie jua la Ugogo halina baridi."

"Mwambie itapita."

"Mwambie aingie alale. Kitanda kipo."

Mlango haukujibu. Limi akangoja. Akajua kijana yule atakufa juu ya lile bati kabla ya kuvuka kizingiti. Kule Ilala alikolala majuma yote yale akimngoja yeye, mbu walikuwa hawana huruma. Muuguzi alikuwa amemwambia. Akaitazama nchi mara moja tena, uwanda na vichuguu na ng'ombe wa Wagogo. Kisha akavua miwani. Nchi ikayeyuka, ikawa maji yenye rangi.

"Mlango," akasema, "mwambie mayu amevua macho yake, ameyafunga kwenye kanga. Kipofu amerudi. Kipofu hana mkwe. Aingie."

Kisha kitasa kikazungushwa. Kivuli kikubwa kikaingia kikijishika ukutani, na kitanda cha chini kikalia kwa uzito wake.

Gadi wa treni alipita, Limi akamwita, naye akaleta vidonge vya kwinini na chupa ya maji. "Mpe viwili sasa," akasema, akaenda kwenye kazi yake. Na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Gari liliyumba, mikono ya Limi haikuona, kidonge cha kwanza kikaruka. Akapiga magoti, akapapasa sakafu. Akapata kisoda, akapata ganda la karanga, kidonge hakuna. Akajaribu kumnywesha maji, yakaingia shingoni badala ya mdomoni. Mihayo alikuwa amekwisha kuacha kujibu. Joto lake Limi alilihisi bila kumgusa, kama mtu aliyekaa karibu na jiko.

Akakaa sakafuni pale, kanga mapajani, fundo la miwani mkononi. Sauti ya Mageni ikamjia, wazi kama yuko ndani ya behewa. Hurudi gizani. Hayatoki tena. Akamfikiria mtoto wa Esta, ambaye huenda amekwisha kuzaliwa, na uso wake asioujua.

"Bwana," akasema, "niliomba macho. Nilikuambia ya kumwonea mjukuu. Kama ni ya mara moja tu, basi, umeona mwenyewe mambo yalivyo."

Akajifanyia ishara ya msalaba, akavaa miwani.

Kidonge kilikuwa chini ya kitanda, karibu na mguu wake. Akakiokota, akakifuta, akainuka, na uso ukawa mbele yake.

Ulikuwa uso wa kijana mdogo kuliko mgongo wake. Midomo imekauka na kupasuka. Kidevuni palikuwa na kishimo, kama mtu amekibonyeza kwa kidole kikiwa bado udongo mbichi, na juu ya jicho la kushoto nyusi ilikuwa na kisunzu, nywele zikielekea kinyume na nyingine. Mihayo akafumbua macho, akaona anatazamwa, akainua mkono ajifunike uso.

Limi akautoa ule mkono.

"Acha, baba. Meza."

Akameza, cha kwanza na cha pili. Machozi yakamtoka pembeni ya macho, Limi hakujua kama ni ya homa. Akamfuta. Akalowesha ncha ya kanga, akamwekea kwenye paji la uso, akakaa pale pale akimtazama, kwa kuwa lililokwisha kutendeka limetendeka, na mgonjwa hutazamwa.

Alasiri jasho likatoka. Mihayo akalala usingizi wa kweli, na pumzi ikatulia. Limi akarudi dirishani. Mara akaona miti inafifia. Uwanda ukafifia. Hata mikono yake juu ya mapaja ikafifia, naye akayakumbuka maneno ya Mageni: ndiyo haya. Akafumba, akafumbua. Giza lilizidi. Akashika rozari kwa mikono miwili, akasema moyoni, haya, silalamiki. Ndipo taa ya behewa ilipowaka juu ya kichwa chake, na kila kitu kikarudi mahali pake. Jua lilikuwa limekuchwa tu, kama linavyokuchwa kila siku. Bibi Limi akacheka peke yake mpaka akaogopa kumwamsha mgonjwa.

Shinyanga walifika asubuhi. Mihayo, amedhoofika lakini anasimama, alitaka kungoja mama mkwe ashuke kwanza, yeye apitie mlango wa mwisho.

"Utaanguka," Limi akamwambia, bila mlango wala dirisha katikati. "Nishike bega."

Wakashuka hivyo, mbele ya watu. Esta alikuwa pale na kichanga kifuani, na Mageni ubavuni mwake amevaa kanga mpya. Mageni aliona bega, akaona mkono, akapiga ukelele.

"Limi! Macho yako!"

"Yanaona, wifi. Hata kanga yako, umeifunga nje ndani."

Watu wakacheka, Mageni akajikagua. Esta hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe na mama yake, mmoja baada ya mwingine, hajui amsalimie nani. Limi akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Akamfunua nguo usoni polepole. Alikuwa amelala, amekasirika usingizini, ngumi mashavuni. Limi akamtazama sana. Akapitisha kidole kidevuni pake, akakitia kwenye kishimo. Akakipandisha mpaka nyusi ya kushoto.

"Baba yake mtupu," akasema.

Mageni akafumbua kinywa, akahesabu alichosikia, akakifunga. Mihayo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mayu," Esta akasema kwa sauti ndogo, "umejuaje?"

"Nimemtazama, mwanangu," Limi akajibu, hakuuondoa uso wake kwenye uso wa mtoto. "Haya, chukueni mizigo. Mumeo ametoka kwenye homa, asibebe kitu."