Kamba ya Mkono wa Kushoto

Yule kijana nilimlisha kwa mkono wangu, ndiyo maana sikutaka kumsamehe upesi. Mtu usiyemjua akikuibia, unamlaani, unafunga mlango, basi. Lakini huyu alijua mpaka sufuria yangu ipi ina mpini uliolegea.

Wenzake walimwita Kipaza, kwa sababu hakujaliwa sauti ya chini. Alisoma na mjukuu wangu chuo kikuu, kozi ya sanaa za kale na akiolojia. Mwaka wa kwanza walionyeshwa picha za masanamu na michoro ya kutani mpaka macho yakawauma. Mwaka wa pili wakaingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu na masinki mawili, wakapewa trei za vigae vya vyungu vilivyofukuliwa ardhini, na mswaki wa meno kila mtu. Sugua, anika, andika namba kwa wino, kisha chora. Trei moja watu wawili, lakini kila mtu na daftari lake.

"Bibi," mjukuu wangu aliniambia siku ya kwanza, "umenisomesha miaka yote hii nikaoshe vyombo vilivyovunjika."

"Na vizima hapa nyumbani hutaki kuviosha," nikamjibu.

Nimemlea mimi tangu mama yake, binti yangu, alipotutoka. Shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ni kusokota kamba za katani: unaweka nyuzi pajani, unazivingirisha kwa kiganja, unaongeza nyingine kabla zile hazijaisha. Paja langu la kulia ni laini kama kauri, halioti hata unywele.

Trei ya mjukuu wangu na Kipaza ilikuwa na vigae kumi, vyote vyenye alama ya kamba. Wafinyanzi wa zamani walikandamiza kamba kwenye udongo mbichi kuwa pambo, kisha wakachoma chungu. Kigae hakiruhusiwi kutoka chumba kile, hata kiwe kidogo kama ukucha. Kwa hiyo alivichora, mstari kwa mstari, akaniletea daftari.

"Bibi, wewe mwenye kamba zako, unaonaje?"

Nikavaa miwani. "Huyu aliyesokota alikuwa wa mkono wa kushoto. Tazama mistari inavyoinama. Yangu mimi huinama kulia. Marehemu dada yangu alikuwa wa kushoto, zake zilikuwa hivi hivi. Halafu alikuwa na haraka."

"Haraka nayo unaionaje?"

"Hapa imekonda, hapa imenenepa. Hakuongeza nyuzi kwa wakati. Labda mtoto alikuwa analia. Na vigae vyote kumi ni kamba hiyo hiyo, palipokonda ni pale pale."

Aliruka akanikumbatia. "Mwanamke mmoja, Bibi! Mwenye haraka! Tumempata!" Akaandika yote, maneno yangu kama yalivyo. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano Kipaza akaja na njaa yake. Kazi ilitakiwa Ijumaa, naye alikuwa hajaandika hata jina. Nikamtuma mjukuu wangu dukani kufuata sukari, mimi nikaingia jikoni kupasha maharagwe. Daftari likabaki mezani na Kipaza, na simu ya Kipaza ikabaki mkononi mwa Kipaza. Niliyemwachia nafasi ni mimi. Nilipotoka na sahani nikamkuta anatabasamu, nikadhani ni kwa ajili ya maharagwe.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafua. Sabuni yangu huwa naifunga kamba, naitundika ukutani isiyeyukie sakafuni. Ilikuwa imelainika, kamba imezama ndani. Nilipoifungua nikaona alama: mistari inainama kushoto. Nikaitazama kamba. Kulia. Nikaitazama tena sabuni. Kushoto. Kumbe ni kama muhuri wa karani, ukiutazama chini herufi zimegeuka! Kamba ikikandamizwa, alama yake ni kinyume chake. Tulikuwa tumesoma alama tukidhani tunasoma kamba.

"Njoo!" nikamwita na mapovu mikononi. "Tumemsingizia mama wa watu. Alikuwa wa mkono wa kulia kama mimi."

Akafuta kwa mstari mmoja, akaandika tarehe, na pembeni: *Bibi kagundua kwa sabuni.* Ijumaa akakabidhi kazi iliyosahihishwa. Hakujua kwamba Kipaza alikabidhi yake jana yake.

Jumatatu iliyofuata mjukuu wangu alirudi mapema, akakaa kitandani na viatu vyake. Mhadhiri alikuwa amemwita. Huyo mhadhiri ni bingwa wa masanamu. Somo la vigae alikuwa amemshikia mwenzake aliye likizo. Akamwambia: "Mwenzako alitangulia kukabidhi. 'Mwanamke mmoja, mwenye haraka', maneno ni yale yale. Wewe umegeuza mkono tu, wa kushoto ukaufanya wa kulia, ili nisikugundue." Akampa sifuri. Na jina lake likapelekwa kwenye kikao cha idara. Wakimkuta na hatia, anafutwa kwenye kozi.

"Kesho nampelekea daftari," akasema huku analia. "Ataona nilipofuta, ataona tarehe."

"Hupeleki."

"Bibi!"

"Sikiliza, mama. Ukimpelekea ofisini, atamwita Kipaza. Kipaza atasema, 'Samahani, mwalimu, mkono nilikosea,' atarekebisha, na tarehe mtu yeyote anaweza kuiandika. Litabaki neno lako na neno lake, na sauti yake ni kubwa kuliko yako. Maonyesho ya kazi zenu lini?"

"Baada ya wiki mbili. Mbele ya idara nzima. Yeye ndiye atakayesema, mimi nimezuiwa."

"Na kikao?"

"Siku ya pili yake."

"Basi mwache asimame juu ya kosa letu mbele za watu."

Hayo niliyomwambia yalikuwa kweli, lakini hayakuwa yote. Yote ni kwamba nilitaka kuuona uso wake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii niliirefusha kidogo ili achoke vizuri. Nilimwalika Kipaza chakula. Na akaja! Mjukuu wangu alijifungia chumbani, mimi nikapakua.

"Dada amenikasirikia, bibi," akasema, anatafuna. "Mimi sikumsema. Mwalimu aliona mwenyewe."

"Achana naye, mwanangu, vijana mnagombana na kupatana. Hebu nieleze mimi mjinga. Eti mwanamke wa kushoto?"

"Wa kushoto kabisa."

"Una hakika? Kule wasije wakakuaibisha."

"Mia kwa mia, bibi. Mwalimu ameipenda, amesema hicho ndicho kichwa cha habari. Nimeandika kwa herufi kubwa: Mwanamke wa Mkono wa Kushoto."

"Iandike kubwa zaidi," nikamwambia. "Wazee tuone kutoka nyuma." Nikamwongezea wali.

Siku kumi na tatu nilisokota kamba na kunyamaza. Mjukuu wangu hakula vizuri. Mara mbili nilimkuta ameshika daftari amesimama mlangoni, na mara mbili nilimrudisha. Mara ya pili aliniuliza, "Na ukikosea, Bibi?" Nilimfunga tu kifungo cha shati kilichofunguka.

Maonyesho yalifanyika kwenye chumba kile kile cha masinki. Vigae kumi vilipangwa juu ya kitambaa cheusi, jamaa wakaketi nyuma. Mbele alikaa mkuu wa idara, mama mtu mzima aliyechakaa magoti kwa kuchimba, na pembeni yake mhadhiri wa masanamu. Kipaza alivaa tai. Akaeleza kwa robo saa jinsi alivyomgundua mwanamke wa kushoto mwenye haraka. Mhadhiri akatikisa kichwa kwa raha, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

"Kuna swali?" mkuu akauliza.

Nikainua mkono. "Mimi ni msokota kamba. Naomba kujifunza."

"Karibu, mama."

Nilikuwa na kamba mbili mkobani, moja inainama kulia, nyingine kushoto. Nikaziweka mbele ya Kipaza pamoja na bonge la udongo mbichi. "Mwanangu, ipi iliyotia alama kwenye kigae hiki?"

Akacheka. "Bibi yangu huyu, jamani, mpenda utani." Akachukua ya kushoto, akailinganisha na kigae. "Hii hapa, inafanana kabisa."

"Ikandamize basi, tuone."

Akaikandamiza kwa madaha, akaibandua. Mistari ikawa imeinama kulia.

Akageuza bonge. Akaligeuza tena. Nikamsogezea ile kamba nyingine, akaikandamiza pembeni, nayo ikatoka kama kigae, kitu na pacha wake. Sauti ile yote ikamwisha. Mkuu wa idara akamgeukia mhadhiri, si kwa hasira, ila mhadhiri akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi.

"Nili... nilipitiwa," Kipaza akasema. "Kosa la kibinadamu."

"La kibinadamu, tena la kwangu," nikasema. "Niliyesema kushoto ni mimi, Jumatatu ile, nikisoma mchoro wa mjukuu wangu. Alhamisi nikajirudi. Wewe ulichukua Jumatano, ukala na maharagwe. Sasa niambie hili moja: hiyo haraka umeionaje?"

Akalegeza tai.

"Umeandika mwenye haraka. Haraka iko wapi hapa? Onyesha kwa kidole."

Kidole kilizunguka juu ya kigae kama nzi asiyejua pa kutua.

"Mwambie," mkuu akamgeukia mjukuu wangu.

Akasimama, akaonyesha palipokonda na palipovimba, kigae kwa kigae, sauti ikitetemeka mpaka cha tatu, halafu haikutetemeka tena. Kisha akafungua daftari penye mstari uliofutwa. Mkuu akasoma kwa sauti, "Bibi kagundua kwa sabuni," akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia Kipaza, na nilimwangalia mpaka nikashiba.

Kesho yake kikao kikamsafisha mjukuu wangu, wakampa alama zake na nafasi kwenye uchimbaji wa likizo. Kipaza wakaamua arudie mwaka mzima. Ila wakaweka mlango mdogo: aliyeibiwa akiandika barua ya msamaha, ikifika kabla ya Ijumaa, kijana atarudia kazi ile moja tu.

Mama yake alikuja kwangu siku hiyo hiyo. Mwanamke mpole, amevaa viatu vya kazi. Aliketi kwenye kiti kile alichopenda mwanawe.

"Shoga yangu, mtoto amekosa. Mwaka mzima ni mwingi."

"Ni mwingi," nikakubali.

"Mjukuu wako anasema yeye ataandika, bibi yake akiridhia."

Nikamtazama mjukuu wangu. "Bibi, mimi nimemaliza," akasema. "Wewe je?"

Nikamwambia mgeni nitafikiri. Jana alikuja tena, na leo pia. Chai nampa, ya sukari, na maneno mazuri nampa. Mjukuu wangu ameweka karatasi na kalamu mezani, ananipitia tu mbele kila mara. Leo ni Alhamisi. Yule mama bado ameketi hapo, mikono mapajani, na mimi nimevuta fungu jingine la katani.