Vidole Vinne Kando ya Mlango

Rigobert alikuwa mchapaji kwenye karakana ya wachoraji, mjini Élisabethville. Adhuhuri moja alirudi na picha ya chapa, iliyogandamizwa kwa wino mweusi kutoka kwenye ubao uliochongwa. Mkewe Régine, mjamzito, tumbo mbele, aliikagua: mawimbi, nukta, na katikati kitu chenye ncha nne.

"Ni nini hii? Kuku alipita mu wino?"

"Mwenye kuichonga anasema kila muntu ataona yake," Rigobert akajibu, akaipigilia ukutani.

Régine alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Kiganjani alihisi baridi ya udongo mbichi. Kijijini kwao Mitwaba, nyumba ikikandikwa upya, wanawake walichora mawimbi kwa vidole, na kila mtoto wa nyumba akabandika kiganja kando ya mlango. Mgeni hakubandika. Alikumbuka mkono mkubwa juu ya wake, ukiugandamiza polepole, kidole cha mwisho cha mkono wake mdogo kimeinuliwa kisiguse udongo.

Mama yake, Musonda, alifariki mapema. Régine alilelewa na bibi yake, nkambo Mujinga, mwanamke mwenye ulimi usio na likizo. "Tulikulokota ku soko, mu kitunga ya mihogo," alikuwa akimwambia. Bibi na mjukuu ni watani, nani angemkataza? Lakini yatima hana mama wa kumnong'oneza kuwa ni mzaha. Régine aliumeza mzimamzima, akaona haya kuuliza. Sasa alitamani kumpa mwanawe jina la Musonda, na aliogopa kuiba jina la watu, ikiwa kweli aliokotwa.

Bibi, aliyeishi nao sasa, alikuwa uani akimenya karanga.

"Nkambo, kando ya mulango ya Mitwaba, kulikuwa mukono ya bidole ine?"

Bibi hakuinua macho. "Yako ile. Kidole yako ilikuwa na kidonda. Mama yako akaiinua, usiumie."

"Na ile soko?"

"Soko gani?" Alipoyaona machozi ya mjukuu wake, karanga zikamponyoka. "Régine. Uliamini?"

Régine aliketi chini kando yake, akifuta machozi kwa furaha. Alitaka kukasirika, akashindwa.

"Mutoto akizaliwa mwanamuke, ataitwa Musonda."

"Sasa ulitaka kumuita nani?" Bibi akaokota karanga zake, akatabasamu. "Miye nitamuambia tulimulokota mu kitunga ya karanga."

"Apana, nkambo," Régine akasema. "Uyu, apana."