Jina Nyuma ya Picha

Hester Whitcomb alikuwa na roho ya korosho, na uzee haukumpunguzia hata chembe. Kaka yake Ambrose, mshairi aliyesomwa Marekani nzima, alipofariki picha zake zote zilibaki kwa Hester, na sasa alikuwa akizikabidhi kwa maktaba ya chuo pale Massachusetts. Desturi ya maktaba ni kwamba anayetoa picha ndiye anayetaja waliomo, na majina huandikwa nyuma kwa penseli laini isiyokwaruza karatasi.

Zilibaki barua. Hizo alikuwa nazo Opal Dunning, aliyeishi na Ambrose miaka mingi bila ndoa, na ambaye sasa alikuwa haoni. Zilijaa mapenzi, lakini humo Ambrose alimwita Njiwa tu, jina lake halisi hakuliandika popote. Ndiyo maana Opal alishikilia sharti moja: atazitoa jina lake likishaandikwa nyuma ya ile picha waliyopigwa pamoja barazani. Aliogopa kufa kama mtu ambaye hakuwahi kupendwa.

Wakakutana kwa Bwana Ellery, mtunza nyaraka. Hester akawataja watu wa kila picha, hadi mbwa, na mbwa naye akaandikwa jina. Ilipofika ile ya barazani, akaomba penseli aandike mwenyewe.

"Umeandikaje, wifi?" Opal akauliza.

Tangu zamani Hester alichukia kuitwa hivyo. Siku hiyo akaitikia kwa sauti ya asali.

"Nimeandika Opal Dunning, mpenzi wa Ambrose. Umeridhika, wifi yangu?"

Ellery aliyaona maandishi: Ambrose na mwanamke asiyejulikana. Akafungua mdomo. Hester akamtazama, kisha akakitazama kifurushi cha barua kilichokuwa mapajani mwa Opal, na Ellery, aliyezitamani barua zile miaka nenda miaka rudi, akaufunga.

Opal akaomba kuigusa. Akapitisha kidole nyuma ya picha taratibu, machozi ya furaha yakimtoka. Akambusu Hester shavuni, akatoa barua zote.

Opal alipokwisha kuondoka, Ellery akavuta boksi jipya. Akauliza, bila kuinua macho, aandike kwamba barua hizi aliandikiwa nani.

"Mimi nitajuaje?" Hester akasema huku akivaa glavu zake. "Andika kama ilivyo nyuma ya picha."

Naye akaandika.