Dakika Tisa Gatini

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba kidole kilichoonyesha meli siku ile kilikuwa changu. Wapo waliomlaumu mlinzi wa bandari, wapo waliolaumu jua, na mama yangu mpaka leo analaumu macho ya upande wa baba. Hapana. Kidole kilikuwa changu, cha mkono wa kulia, na kilinyooka vizuri sana.

Mambo yalianza miaka miwili kabla, jioni yangu ya kwanza bwenini. Wavulana wapya tulikuwa tumekaa juu ya masanduku yetu tukipimana ubavu. Mmoja alishapanda ndege. Mwingine mjomba wake alikuwa na televisheni kubwa kuliko ukuta, na hakuna aliyemuuliza imetundikwa wapi. Zamu yangu ilipofika sikuwa na kitu. Baba yangu anaziba pancha. Mama anashona sare za shule. Ndipo nikaikumbuka kalenda ya kinyozi wa mtaani kwetu, yenye picha ya meli iliyojaa mizinga, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Mimi nimeshapanda manowari."

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza mnene mmoja ambaye baadaye alikuwa rafiki yangu, tukimwita Gunia.

"Meli ya vita, bwana wee! Kwenu mlikuwa mnaishi chini ya kitanda?"

Tangu hapo nikaitwa Admirali. Jina lilinipa heshima, na heshima inataka kulishwa, kwa hiyo kila muhula niliiongezea manowari yangu kitu kidogo. Mwaka wa kwanza ulipoisha ilikuwa na ghorofa sita, zahanati, na mizinga minene kiasi kwamba askari aliyechoka angeweza kulala ndani na kujigeuza.

Sasa bendi. Shule ilikuwa na bendi ya watu kumi na wanane na mwalimu wake, mtu mwembamba mwenye koti moja, aliyeonekana zaidi ndani ya chumba cha bendi kuliko nyumbani kwake. Mimi nilipiga matoazi, zile sahani mbili za shaba, kwa kuwa hakuna chombo kingine nilichoaminiwa. Lakini matoazi yana madaraka ambayo wengi hawayajui. Bendi ikishaanza kupiga hakuna anayesikia amri ya mdomo. Kwa hiyo mwalimu akiinua mkono wa kushoto, mimi nagonga mara mbili za haraka kisha moja, na wote wanageuka kulia na kutembea bila kuacha kupiga. Wamefundishwa kulitii toazi, si kulijadili.

Nakiri kwamba niliwahi kuyatumia vibaya madaraka hayo. Siku moja, bila mkono wa mtu yeyote kuinuliwa, bendi nzima ilitembea ikipiga wimbo wa shule mpaka katikati ya bustani ya mboga ya mke wa mkuu wa shule. Mwalimu aliniambia polepole, "Ukigonga tena bila mkono wangu, usirudi kwenye chumba hiki."

Halafu likaja suala la sabuni. Siku ya wazazi, mtu fulani alitia sabuni ya unga ndani ya matarumbeta, na wimbo ulipoanza yakatoka mapovu. Moja lilimpasukia mgeni rasmi jichoni. Mkuu wa shule alitaka mtu fulani apatikane na afukuzwe kabla ya chakula cha jioni. Mwalimu wa bendi akasimama mlangoni kwa mkuu akasema, "Ni mimi. Niliosha vyombo nikasahau kusuuza." Alipotoka alinitazama vidole, bado vina unga wa sabuni. Afadhali angenitukana.

"Basi sikilizeni," mkuu alisema. "Bendi hii ikiniaibisha mara moja tena, kile chumba kinakuwa stoo ya magodoro."

Miezi miwili baadaye ikaja barua. Manowari ya nchi rafiki ilikuwa inakuja bandarini, na bendi yetu iipokee. Shule yetu iko mbali na bahari, mwendo wa saa nne kwa gari, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuona manowari. Isipokuwa, bila shaka, mimi.

Mwalimu aliniita chumba cha bendi, penseli sikioni. "Admirali." Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Wewe unayajua mambo haya. Mapokezi yao huchukua muda gani?"

"Dakika tisa, mwalimu."

Akaandika tisa, akaizungushia duara. Nilitaka kusema ukweli hapo hapo, naapa. Lakini alinitazama kama mtu aliyeletewa dawa, na badala ya ukweli nikasikia mdomo wangu ukiongeza, "Na nusu, wakati mwingine."

Siku ikafika. Mkuu wa shule alitangulia na gari lake, sisi tukafuata na lori la shule. Getini mlinzi alitazama barua yetu, akatazama vyombo, akasema, "Meli yenu iko huko mbele. Mtaiona tu." Tukajipanga, tukapita kati ya maghala mawili, tukatokea gatini.

Kulikuwa na meli mbili.

Ya karibu ilikuwa kubwa kama mtaa, nyekundu tumboni na nyeupe juu, na mikono minne ya chuma iliyonyooka kuelekea mawinguni. Ya pili ilikuwa kulia kwetu, hatua kama mia tatu. Ilikuwa kitu cha kijivu, kifupi, kimelala chini majini kama kinaona haya. Karibu nacho palikuwa na hema jeupe.

Mwalimu alizitazama zote mbili, kisha akanigeukia. "Ipi?"

Hapo ndipo kidole kilipofanya kazi yake.

"Una uhakika?"

"Mwalimu, kile kidogo ni kiboti cha kufanyia usafi."

Gunia alikuwa amejivika lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu kama chatu. Akaninong'oneza, "Mizinga iko wapi?"

"Ile minne, huoni?"

"Zile si winchi?"

"Wanaifanya ifanane na winchi. Unadhani adui ni mjinga kama wewe?"

Tukaanza kupiga wimbo wetu wa dakika tisa. Sisi tuliielekea meli, mwalimu alituelekea sisi, na alikuwa ameyafumba macho nusu kama afanyavyo wimbo unapomkolea.

Kwanza kilichungulia kichwa kimoja juu ukingoni, mswaki mdomoni. Kikatoweka, kikarudi na vichwa vingine sita. Mmoja alikuwa na taulo shingoni. Mmoja, mpishi bila shaka, alishika upawa. Walitutazama, wakageuka kutazama nyuma yao nani anayepokewa, wakatutazama tena. Mwenye mswaki alijigusa kifua: sisi? Mzee mwenye kitambi na fulana iliyotoboka alikimbia ndani, akarudi na fulana ile ile lakini sasa na kofia ya unahodha. Akasimama wima. Wote wakajipanga nyuma yake, kandambili kwa kandambili.

Nilijaribu kuelewa. Nilijiambia kwamba pengine jeshi la nchi hiyo ni la watu wasiopenda makuu. Nilijiambia kwamba sare ziko kwa dobi. Ndipo mmoja wa ile mizinga yangu ulipogeuka taratibu, ukanyanyua wavu uliojaa mifuko, mfuko mmoja ukapasuka, na vumbi la kijivu likatumwagikia kutoka juu kama baraka.

Baba alijenga choo chetu kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyekoroga. Saruji naijua hata kwa harufu.

Nikageuza jicho kulia bila kugeuza shingo. Kando ya kile kitu cha kijivu walisimama watu waliovaa nyeupe, wamenyooka kama chaki ndani ya boksi. Palikuwa na zulia jekundu. Juu ya zulia alisimama mkuu wa shule, mikono yote miwili kichwani.

Ilikuwa dakika ya tano. Nilijaribu kumkonyeza mwalimu, lakini hakuniona. Nilipaza sauti, tarumbeta la Gunia likaimeza. Na mwalimu alikuwa anaongoza vizuri kuliko siku zote, na mabaharia wa saruji walikuwa wanayumba kwa wimbo, na mpishi alikuwa anafuta macho kwa aproni. Sikujua tena nani amekosea nini. Nilichojua ni magodoro. Niliyaona yamerundikana hadi darini, pale anapokaa mwalimu na penseli yake.

Kugonga bila mkono wake kulikuwa mwisho wangu kwenye bendi. Nikagonga. Mbili za haraka, kisha moja.

Kumi na saba wakageuka kulia kama mlango.

Mwalimu akafumbua macho. Nimetazamwa na wengi kwa mengi, lakini sikuwahi kutazamwa hivyo. Hakuwa na hasira. Aliona tu kwamba bustani ya mboga imerudi. Mikono yake ilibaki hewani akiongoza mahali pasipo na mtu. Kisha akaona tunakoelekea, akaona hema, akashika koti lake akakimbia mpaka mbele yetu.

Nyuma yetu nikasikia kandambili. Walikuwa wameshuka ngazi, nahodha mbele, mpishi akipiga mfuniko wa sufuria kwa upawa, naye alikuwa anakwenda na mdundo kuliko Gunia. Tulifika kwenye zulia tukiwa msafara wa watu zaidi ya ishirini, wa kijivu kwa saruji, na wimbo ukaisha pale pale.

Mkuu wa shule alishusha mikono kichwani, akamgeukia afisa wa manowari, akasema kwa sauti ya hotuba, "Bendi yetu huanza kwa kuisalimu bandari nzima." Afisa akainamisha kichwa kwa heshima. Akampa mkono mwalimu wa bendi, kisha nahodha wa saruji, ambaye hakutaka kuuachia.

Ndipo nilipoiona manowari. Niliitazama kwa bidii. Ilikuwa na mzinga mmoja, mwembamba kama bomba la maji. Rangi yake ilikuwa ya mawingu, hata sikuona vizuri inaishia wapi. Baharia mmoja alikuwa na chunusi kama zangu na alikuwa anajizuia kupiga chafya. Nilikuwa nimebeba woga na heshima ya miaka miwili, nikakosa pa kuvitua.

Wakati wa kurudi mwalimu alikaa nyuma ya lori, ubavuni kwangu.

"Hujawahi kuona manowari, wewe."

"Sijawahi, mwalimu. Hata bahari ndiyo leo."

"Ghorofa sita," akasema. "Zahanati." Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa ile barabara sikuweza kujua kama analia, anacheka, au ni mashimo. "Na uligonga bila mkono wangu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kesho asubuhi uniletee matoazi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kitambaa. Yamejaa vumbi. Hatuwezi kufanya mazoezi yakiwa hivyo."

Magodoro yalibaki yalipokuwa. Mimi nilifuta matoazi kila asubuhi muhula mzima, nikayapiga kila jioni, na sijui mpaka leo ipi ilikuwa adhabu.

Lakini kinachonichanganya zaidi ni Gunia. Lori lilikuwa limekaribia shule aliponigusa bega, uso wake mzito wa mawazo.

"Admirali. Ile ya kwanza, ile ya saruji. Mimi nilihesabu madirisha wakati sina zamu ya kupuliza."

"Enhe?"

"Zilikuwa ghorofa sita."