Aliyetupa Udongo wa Kwanza

Rozalia, mke wangu, alikufa mwaka ule Wakongo walipokuwa wakivuka ziwa usiku na mchana, na kwa miaka miwili sikujua alizikwa wapi.

Alikuwa mchuuzi wa mawese. Alikwenda vijiji vya kaskazini kujaza madumu yake, akapanda boti ya kurudi, na boti ile ilikuwa imejaa wakimbizi, na kipindupindu nacho kilikuwa kimepanda. Walipokaribia Kibirizi, bandari yetu ndogo ya Kigoma, wakubwa walikuwa wamekwishatoa amri: boti yoyote ya kutoka kaskazini isifunge kamba. Wakarudishwa majini na wagonjwa wao. Kuli mmoja ndiye aliyekuja kunieleza, baada ya siku kadhaa, kwamba mke wangu amefia safarini na wamemzika pwani huko juu. Pwani ipi? Hakujua. Mwenye boti naye alikuwa amesharudi kwao ng'ambo.

Nilikwenda ofisini kwa wakubwa hao. Nikaambiwa nimwone fulani. Fulani yuko Kasulu, kambini. Aliporudi akasema yeye anashughulika na wakimbizi, na mke wangu si mkimbizi, kwa hiyo si marehemu wake. Ndivyo walivyo hawa. Mtu akifa kwa amri yao, wanakuuliza wewe amekufaje.

Kwetu sisi, mume ndiye anayetupa udongo wa kwanza juu ya mkewe. Akishautupa, ndipo wengine wanafukia. Tanga la msiba likiisha ananyolewa, basi, anarudi kuwa mtu kama watu. Mimi udongo sikuutupa, kwa hiyo sikunyolewa. Nywele ziliota kichaka. Shemeji zangu wakija mjini walinitazama kichwa kwanza, ndipo wakanisalimu.

Kazi yangu ni kushona maturubai na mabegi pale Mwanga, nyuma ya soko. Siku moja Scola, nesi, jirani yangu, aliniletea mabegi makubwa ya mgongoni yaliyokatika mikanda. Nikamuuliza ni ya jeshi gani. Akacheka. Akanieleza kwamba watu wa maofisini na wa mashirika, naye akiwemo, wameanzisha klabu ya matembezi: Jumamosi wanabeba vyakula na mahema, wanapanda milima, wanalala huko, Jumapili wanarudi. Nikauliza wanafuata nini. Hawafuati kitu, akasema, wanatembea tu.

Nilibaki na sindano mkononi. Miaka ile nusu ya dunia ilikuwa ikipita Kigoma na mizigo kichwani, inatafuta pa kulaza mbavu, na hawa wenye vitanda vyao wanavikimbia kwa hiari. Lakini Scola alipotaja kwamba msimu huo watashukia vijiji vya ziwani kaskazini, kimoja baada ya kingine, hata vile vidogo ambavyo boti za abiria hazisimami, nikamwambia na mimi naingia.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa Faridi, mtu wa Ujiji, afisa katika ofisi moja ya mjini. Mrefu, mpole, anaongea taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Aliniangalia akauliza nina nini magotini. Nikamjibu nina magoti. Watu wakacheka, nikawa mwanachama. Kilichonipeleka alikijua Scola peke yake.

Safari ya kwanza tulishuka kutoka Kalinzi mpaka Mtanga. Mstari wa watu, mizigo mgongoni, sufuria zinagongana, vumbi mpaka kwenye kope. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa huruma sana, akatukalisha chini, akatuma watu watuletee uji, kisha akauliza tumekimbia upande gani na kama nyuma yetu wanakuja wengine. Faridi alieleza kwamba sisi ni klabu. Yule bwana akatafakari, akasema hata Wakongo wa juzi walikuja na majina ya vyama vyao. Ilibidi Scola amkumbushe kwamba aliwahi kumchoma sindano mkewe, ndipo tukaruhusiwa kuamini kwamba sisi ni Watanzania. Nilicheka siku ile. Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Lakini kaburi pale halikuwepo.

Safari ya pili ilikuwa Mwamgongo. Hemani nililala na Faridi, maana wote wawili tunakoroma na wengine walitukataa. Alinipa soksi zake nilipochubuka kisigino. Asubuhi aliamka kabla yangu akachemsha chai ya tangawizi, akanipa kikombe kwa mikono miwili kama ninavyopewa na wakwe. Nilimpenda, sifichi. Niliwaza kumbe wapo na hawa, wanaokaa kwenye meza za serikali na roho zao hazijaoza. Nilipokuwa nikiwauliza wavuvi habari za Rozalia na boti ya mwaka ule wa kipindupindu, alikuwa nyuma yangu anafunga mizigo. Wavuvi walisema boti ile ilikwenda mbele zaidi, kijiji kidogo kinachofuata, nyuma ya majabali.

Safari ya tatu ilikuwa iwe huko huko. Ghafla Faridi akasema njia imebomolewa na mvua, afadhali twende upande wa kusini. Kijana mmoja akasema yeye alipita wiki ile ile na baiskeli begani. Faridi akasema kuna hatari ya nyoka. Wakamzomea kidogo, kwa utani, kwamba mwenyekiti anaogopa mjusi. Akakubali. Njia nzima hakuongea, mimi nikadhani ni tumbo.

Tulifika jua likiwa bado juu. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa mchangani. Mbele yao alikuwa mama mmoja mnene wa makamo, Mama Adolf, ambaye nilikuja kujua kwamba ndiye anayesimamia misiba ya kijiji kile. Alituona, akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga. Nikaanza kuinama nimsalimu, maana mkubwa wa msafara, mwenye mvi, nilikuwa mimi.

Akanipita. Alikwenda moja kwa moja kwa Faridi, akapiga makofi yale ya taratibu ya kumpokea mfiwa, akamsalimu kwa Kiha, "Mwidiwe, baba. Umechelewa sana. Kaburi la mkeo tunalipalilia sisi."

Faridi akakaza mikanda ya begi lake.

"Tulisema hatarudi huyu, watu wa mjini wanasahau," akaendelea. "Lakini Rozalia hatujamwacha. Twende ukamwone."

Sufuria niliyoibeba ilinitoka, ikabingirika mpaka majini, na hakuna aliyeifuata. Wanawake wengine walikuwa wamekuja, kila mmoja anampa Faridi pole yake, wanamshika viwiko, wanamwambia avumilie. Mke wangu analiliwa, na anayepewa pole ni mwanamume mwingine, nami nimesimama pale kama mchukuzi wake.

Mawazo yaliyonijia siwezi kuyaandika yote. Nilikumbuka safari zake za mawese, jinsi alivyokuwa akikawia. Nilikumbuka kanga mpya ambayo sikuinunua mimi. Kwa pumzi chache nilimchukia Rozalia kuliko nilivyowachukia wakubwa wote, na hilo ndilo siwezi kuwasamehe, kwamba walinifikisha hapo.

"Faridi," nikamwambia, "mke wako nani?"

Akakaa mchangani.

Alieleza polepole, na Scola akamwambia apaze sauti, asimfiche mtu. Siku ile pale Kibirizi, aliyesimama ufukweni na kipaza sauti alikuwa yeye. Amri ilikuwa imetoka juu, lakini mdomo ulikuwa wake. Alimwona mwanamke mmoja kwenye boti akiinua dumu la mawese na kitambulisho chake, kuonyesha kwamba yeye ni wa hapa hapa, na yeye Faridi akarudia amri. Saa zilipopita alishindwa kula. Akachukua boti ya ofisi bila ruhusa, akapakia dawa na chupa za maji, akawafuata. Aliwakuta hapa. Yule mwanamke alikuwa amelazwa chini ya turubai.

Watu wa afya waliofika baadaye walitaka shimo moja kwa wote na chokaa juu. Faridi akagoma kwa huyu mmoja. Alisema ana jina na ana mume mjini, achimbiwe lake. Wakamchimbia. Wakamshusha. Halafu watu wote wakasimama, hakuna anayefukia, wanatazamana. Walikuwa wanamngoja mume, maana hapa desturi ni ile ile ya kwetu. Faridi hakujua. Kwao Ujiji aliyehudhuria maziko anachota udongo kwa mkono wake anatia, na anajipatia thawabu. Akadhani wanaogopa ugonjwa. Akainama, akachota, akatupa.

Basi. Kijiji kizima kikampata mfiwa wake. Walimjia kwa Kiha, wakimpa pole, na yeye Kiha anakijua cha kununulia ndizi tu, akawa anaitikia asante, asante. Aliporudi mjini alitaka kumtafuta mume, akawaambia wakubwa zake. Wakamjibu kwamba aliyezikwa amezikwa, na wakamuuliza boti ya ofisi aliichukua kwa idhini ya nani. Akanyamaza.

"Mimi ulinijua lini?" nikamuuliza.

"Mwamgongo. Nilikusikia unauliza."

"Na chai ukanipikia."

"Na chai nikakupikia, Mzee Niko."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka wenyewe, nikauona uko hewani, halafu nikasikia mdomo wangu unauliza kitu kingine kabisa.

"Ulipofika alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alisema nini?"

Akatazama pembeni, kwenye dagaa. "Alinitukana."

"Alikutukanaje?"

"Alisema mimi ni mbwa aliyefungwa mlangoni, nabwekea wenye nyumba."

Nikacheka. Mungu ananiona, nilicheka kwa sauti mpaka wale wanawake wakarudi nyuma. Alikuwa ni yeye. Hakuna mwanamke mwingine duniani angekuwa anakufa na bado akapata nafasi ya kumpangia mtu maneno hivyo. Kicheko kikageuka katikati, nikakaa mchangani karibu na Faridi, nikalia kama nilivyotakiwa kulia miaka miwili kabla. Scola alinishika bega. Faridi hakunigusa, na alifanya vizuri.

Mama Adolf alitutazama wote wawili. Akauliza kwa Kiha kama ni kweli mume ni mimi, nikamwambia nywele zangu si anaziona. Akasema kaburi halina waume wawili, lakini udongo ukishatupwa haurudi mkononi. Aliyeutupa naye yumo kwenye tanga, atake asitake, iwe alijua au hakujua. Kwa hiyo tutanyolewa wote wawili, kila mmoja amnyoe mwenzake, pale kaburini, na mambo yaishe.

Kaburi lilikuwa juu kidogo ya ufuko, limezungushiwa mawe, safi kuliko uwanja wa ofisi yoyote niliyowahi kungojea mlangoni. Nilichota udongo nikamwongezea. Nikamwambia nimefika.

Faridi alininyoa kwanza. Wembe ulikuwa mpya, maji ya ziwa, na hakunikata hata mahali pamoja. Mama Adolf alipitisha kiganja kichwani kwangu, akasema huyu amemaliza tanga. Upepo uliponipiga utosini nilihisi kama mtu amenivua mzigo mgongoni baada ya mlima.

Kisha zamu yake. Alipiga magoti, akavua shati, akainamisha kichwa mbele yangu. Watu wa klabu walikuwa wamesimama na mabegi yao, hakuna aliyekumbuka kuyatua. Nilianzia upande wa kulia, nikashuka mpaka sikioni, nikarudi juu, nikanyoa vizuri, kwa heshima, kama ninavyomnyoa ndugu. Nilipofika katikati ya utosi nikasimama. Nikafuta wembe, nikaufunga kwenye karatasi yake, nikautia mfukoni.

"Malizia, Mzee," akasema, kichwa bado chini.

"Nimemaliza. Upande huu ni wa aliyemtetea achimbiwe kaburi lake. Upande ule ni wa yule wa kipaza sauti, na huyo sikumkuta hapa. Yuko Kibirizi."

Mama Adolf alinigombeza. Alisema tanga halikatwi nusu kama muwa, nitaleta mkosi. Scola naye akaniomba. Wembe sikuutoa. Faridi akajipapasa kichwa, upande mtupu, upande wenye nywele, akavaa shati lake.

Jumapili tulirudi wote kwa boti ya kijiji. Alikaa mbele, na kofia. Kibirizi ilikuwa imejaa, makuli wanapokea magunia ya dagaa, akina mama wanapigania bei. Nilidhani atateremka upesi apotelee kwenye gari la ofisi lililokuja kumchukua. Dereva alimpungia. Faridi akatikisa kichwa. Akaenda mpaka kwenye jiwe lile wanalofungia kamba, akakaa juu yake, akavua kofia.

Kelele zilipungua pale, kidogo kidogo, kama moto unaomwagiwa maji. Watu wakaanza kumzunguka. Mimi nilisogea nikasimama nyuma yake, nikautoa wembe.

Kuli mmoja aliyebeba gunia aliuliza, bila kulitua, "Mzee, huyu bosi amefiwa na nani?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Akamuuliza. Na Faridi, kwa sauti ile ile ya taratibu, akaanza kuwaeleza.