Lindo la Nyumba Namba Tisa

Jirani yetu, yule tunayemwita Mama Redio kwa sababu hazimiki, anasema mume wangu alimweka mama mkwe wake yeye Mama Redio chini ya ulinzi. Anasema bibi wa watu alikuwa anapita zake na beseni la nguo kichwani, akaamriwa, "Simama! Mikono juu!" Akanyoosha mikono, beseni likaanguka, na nguo za ndani za ukoo mzima zikatandazika mbele ya makoplo wawili. Anasema mume wangu alishika bunduki.

Mimi nilikuwepo, napeta mchele. Bunduki yake imefungiwa kwenye ghala la silaha tangu kikosi chao kiliporudi. Alichoshika ni mpini wa fagio. Na beseni halikuanguka; bibi alilitua mwenyewe taratibu, akasema, "Mwanangu, miaka sabini hii hakuna aliyewahi kuniona mtu wa hatari. Asante."

Lakini mengine ni kweli. Ile ilikuwa siku ya kumi na moja mume wangu amesimama mlangoni pa nyumba yetu, kota namba tisa. Alikuwa anakula amesimama. Usingizi wake ulikuwa wa kuku, jicho moja linafumba, la pili linahesabu wapita njia. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, basi alikuwa anakiendea kinyumenyume, macho mlangoni, na alishamgonga fundi umeme mara mbili.

Nilipomuuliza, alinieleza vizuri tu, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Kule walikopelekwa alikuwa analinda daraja. Wa kumpokea zamu saa sita mchana alikuwa rafiki yake, Mrefu. Saa sita ikafika, Mrefu hakufika. Likaja lori, wakapakiwa wote, wakarudishwa.

"Na mlinzi haachi lindo mpaka apokewe," alisema. "Sasa mimi nimepokewa na nani?"

"Lakini daraja si liko kule?"

"Daraja liko kule. Lindo liko hapa."

Kwa nini Mrefu hakufika, kambi nzima inajua. Mjane wake yuko namba kumi na nne. Mume wangu peke yake ndiye anayesema amechelewa.

Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kamba za viatu hazifungi. Nilichotaka ni kimoja tu: aingie ndani alale. Nikaenda Ofisi ya Uimara wa Akili, ile ya chumba cha mwisho baada ya stoo ya rangi. Akaja sajini, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na maswali yake hamsini.

"Unaota ndoto mbaya?"

"Silali, afande."

"Hakuna ndoto mbaya," akaandika. "Unajitenga na watu?"

"Hapana, afande. Kila anayepita namsimamisha."

"Anapenda watu. Mwenzako akichelewa, unapandwa na hasira?"

Mume wangu aliangalia barabara. "Namsubiri tu."

"Mvumilivu," akaandika sajini, na akaipigia mstari.

Alipata arobaini na tisa kwa hamsini. Ile moja ilikatwa kwa ajili ya kamba za viatu. Sajini akasema tangu ofisi ifunguliwe hawajapata askari imara namna hii, na kesho yake akaleta askari sita wasio imara waje kumtazama. Walijipanga kwenye benchi langu na madaftari.

"Afande, tunaandika nini?" mmoja akauliza.

"Andikeni anavyosimama."

Wakaandika. Koplo mmoja ambaye mikono ilikuwa inamtetemeka aliniomba maji. Nikampa, akanywa, akajilaza kwenye mkeka wangu, akalala saa nne nzima, mdomo wazi. Nilikaa nikamtazama kwa wivu. Alipoamka alikuwa ameshapewa sifuri.

Nikamvuta sajini pembeni. "Afande, mimi naomba mtu mmoja tu. Aje, aseme 'nimekupokea', aende zake. Dakika mbili hazifiki."

"Dada, lindo hilo halipo kwenye orodha. Siwezi kumtuma mtu akapokee kitu kisichokuwepo."

"Basi lifuteni."

"Ili tulifute, lazima kwanza liwepo."

Nikasema sawa, liandikeni. Hapo ndipo nilipokosea.

Asubuhi fundi seremala akaja na kibao, akakipigilia juu ya mlango wetu: LINDO NAMBA TISA. Kumbe sasa lilikuwa lindo halali. Mume wangu akiliacha, ni kesi. Anayekuja kuchota maji kwenye bomba letu anasaini daftari. Yule bibi wa beseni alikuwa anaweka dole gumba mara tatu kwa siku, hata kama hana ndoo.

"Mwanangu, umeruka majivu umekanyaga moto," Mama Redio akaniambia huku anasaini. "Na linafutwa lini?"

Swali hilo nilikuwa nimeshamuuliza sajini. Fomu ya kufuta anayo meja, na meja yuko kozini.

"Kozi ya nini tena?"

"Ya kupumzika."

Mama Redio alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaona miguu ya mume wangu.

Ijumaa karani akaja kubandika orodha ya zamu ukutani. Lindo likiwepo, lazima liwe na zamu, na yeye kwa kuokoa muda alikuwa amenakili orodha ya kule darajani kama ilivyo. Niliisoma kidole kikifuata mstari. Asubuhi, mume wangu. Saa sita mchana, Mrefu, na cheo chake, na jina lile la kwenye vyeti ambalo hakuna aliyekuwa analitumia.

Nikamkimbilia karani kabla hajafika getini. "Kaka, huyu amekufa!"

"Kwenye orodha yangu hajafa, shemeji. Taarifa za kufa zinapitia ofisi nyingine."

Niliporudi, mume wangu alikuwa ameshaisoma. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu arudi.

"Si nilikwambia amechelewa tu?" alisema. "Niletee wembe na kioo."

Nikamshikia kioo, akanyoa ndevu za siku zote zile. Akajikung'uta vumbi. Akajaribu tena kamba za viatu, zikakataa, akazichomeka pembeni. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Saa sita king'ora cha kambi kikalia. Sajini alikuwa amekuja na wale sita waone makabidhiano ya mfano. Watu wa kota wote walitoka. Mume wangu akajinyoosha, kidevu juu, akatazama barabara. Barabarani alipita mbwa. Akapita fundi umeme, kwa mbali.

Robo saa ikapita.

"Huyu anachelewa," sajini akanong'ona, akiandika.

Nikajifuta mikono kwenye gauni, nikavuka uwanja.

"Simama! Nani wewe?"

"Mimi. Mkeo."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kukupokea."

Akatupa jicho ukutani. "Hupo kwenye orodha."

"Sipo. Na aliyepo haji." Nikamwonyesha barabara. "Mrefu haji, mume wangu. Si leo, si kesho. Wewe ndiye uliyenihadithia darajani kulivyokuwa, usiku ule wa kwanza, kisha ukaamka ukasema amechelewa."

Kidevu chake kilikuwa bado juu, ila kilikuwa kinacheza.

"Sijui kwata," nilisema. "Hata mguu wa kuanza nao siujui. Lakini kusimama najua, siku zote hizi nimesimama dirishani nyuma yako, wewe huoni tu. Hapa hapatapita mtu nisimwone."

Aliangalia juu ya kichwa changu, kule barabarani. Nikanyoosha mkono.

"Nikabidhi lindo," nilimwambia. "Uingie ndani ulale."